Misumari Kilo Kumi Hadi Oicha

Kila Jumapili nikitoka kanisani mnanizunguka mlangoni. Mmoja anataka habari ya askari, mwingine anataka habari ya upepo, wa tatu ananiuliza kama ni kweli niliwaimbisha watu wa Oicha nikiwa juu ya paa. Nikianza mwanzo, aliyekuja kwa ajili ya mwisho anaondoka, na wiki inayofuata nasikia sokoni safari yangu imeota mikia. Basi nimeketi, nimeiandika yote. Someni, mpeane, kisha mniache nifanye kazi.

Habari za karatasi za njia naziruka, maana mnazijua na hazimchekeshi mtu. Nianze na barua.

Dada yangu Masika, kifungua mimba wa nyumba yetu, ndiye directrice, mwalimu mkuu, wa shule ya msingi ya kanisa kule Oicha. Mvua zilipoanza aliniandikia kwamba upepo umebeba paa la shule kwa mara ya pili, na safari hii bati moja limemkata mtoto mguu. Wazazi walikutana wakasema neno moja tu: paa likiondoka mara ya tatu, watoto wanabaki nyumbani na shule inafungwa. Ninyi mnajua maana ya mtoto kubaki nyumbani katika vita hii. Askari wakipita wakitafuta wa kubeba mizigo, wanawaokota wale wanaozurura barabarani, na walio wakubwa kidogo hawarudi. Waliokuwa darasani, ndani ya kiwanja cha kanisa, walikuwa bado hawajaguswa. Kwa hiyo yaya Masika, ndivyo ninavyomwita dada yangu mkubwa, hakuwa analilia mabati.

Mwisho wa barua aliongeza kwamba watu wamesikia kwenye radio habari ya ouragan, kimbunga kikubwa kilichobomoa miji ya visiwa vya mbali, na sasa Oicha nzima inaamini kimbunga hicho kiko njiani kuja kwao. "Weye ni fundi," aliandika. "Kuja uone."

Mimi sikuhitaji kuona. Nilijua ugonjwa kabla sijakunja barua. Nimepaua nyumba Butembo miaka thelathini, na upepo haujachukua hata bati langu moja. Nyumba zenyewe zipo, nendeni mkatazame. Paa linaloondoka mara mbili ni paa lililopigwa misumari ya ubahili. Nikanunua misumari kilo kumi, ya bati na ya mbao, nikaitia katika gunia, nikamwambia mke wangu nitarudi baada ya siku sita.

Butembo hadi Kalunguta

Dereva wa pikipiki aliitwa Paluku, kijana mwenye koti la mvua la mwanamke na maneno mengi. Alilifunga gunia langu nyuma kwa vipande virefu vya mpira wa ndani wa gurudumu, akivivuta mpaka vikalia. Nilimuuliza kama hana kamba ya kweli.

"Papa, kamba inachokaka," alisema. "Mupira hapana. Utaanguka weye, misumari itafika."

Na kweli nilianguka mara mbili kabla hatujaacha milima ya Butembo, kwa sababu usiku ule mvua ilikuwa imegeuza barabara kuwa uji. Kwenye mteremko wa pili nilibaki nimeketi matopeni, nikamwona Paluku na gunia wakiendelea kushuka bila mimi. Alisimama chini akanisubiri akichekea mkononi, kwa heshima ya umri wangu.

Barrière ya kwanza, kizuizi cha askari, ilitukuta asubuhi bado. Askari mmoja alilipima gunia kwa mguu, kisha akaliinua kwa mikono miwili, na uso wake ukabadilika.

"Nini iko mule?"

"Misumari, chef."

"Misumari gani inakuwaka nzito vile? Ni masasi."

Nilimwambia mimi ni fundi wa mapaa, naenda kwa dada yangu, risasi nitazipeleka wapi. Ningenyamaza ingekuwa afadhali. Alikata mdomo wa gunia kwa kisu, akamwaga kilo zote kumi barabarani, akazitawanya kwa kiatu mpaka akaridhika kwamba hakuna risasi hata moja. Kisha akasema naweza kupita. Niliokota misumari katika matope kwa muda wa saa nzima, mimi kwa magoti, Paluku akiniongoza kwa kidole.

"Kuko mingine pale, papa. Na ile pale. Ile hapana, ile ni jiwe."

Kalunguta

Karibu na Kalunguta mnyororo wa pikipiki ulikatika. Paluku akaenda kwa miguu kutafuta fundi, akaniacha kwa mama mmoja aliyekuwa akipika chakula kando ya njia. Alinipa bugali wa muhogo na maharage yaliyopikwa kwa mafuta mekundu, nikala sahani mbili, nikaanza kujisikia mtu tena.

Nikiwa nimeshiba, macho yangu ya kazi yakafunguka. Paa la nyumba ya yule mama lilikuwa la mabati mazuri, bado yanang'aa, lakini halikuwa na msumari ninaoweza kuuona. Juu yake kulikuwa na mawe, mengine makubwa kama kichwa cha mbuzi. Nilitazama nyumba ya jirani, nayo vilevile. Moyo wangu uliuma kabisa, kama daktari anayemwona mgonjwa akitembea na mguu uliovunjika.

"Mama," nilisema, "upepo ukija, ile mawe itaanguka ndani, juu ya batoto."

"Ninajua."

"Basi niache nikupigilie. Misumari ninayo, nyundo ninayo. Sitaki kitu. Chakula yako inatosha."

Aliacha kukoroga, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Hapana, papa. Wasingya, aksanti. Lakini misumari hapana."

"Juu ya nini unakataa?"

"Jiwe inaondoka upesi," alisema, akarudi kwenye chungu chake.

Nilidhani ananiogopa, mtu mgeni anayetaka kupanda juu ya nyumba yake na nyundo. Nilidhani labda mume wake hayupo na majirani watasema. Nilijieleza tena, nikamtajia hata kanisa langu, na kadiri nilivyojieleza ndivyo alivyozidi kunikazia uso. Paluku aliporudi na mnyororo, nilipanda nyuma nikiwa nimeudhika. Niliona mtu amekataa dawa ya bure. Kumbe mjinga alikuwa juu ya pikipiki.

Beni

Tuliingia Beni jioni, jua likiwa bado juu kidogo. Paluku alikataa kwenda mbele, kwa sababu habari za njia ya Oicha hazikuwa nzuri siku ile. Tuliagana kama ndugu. Mimi nikaenda kwenye nyumba ya binamu yangu, ambamo mpangaji wake, Monsieur Kabeya, alikuwa na maagizo ya kunipokea.

Monsieur Kabeya ni mwalimu wa jiografia, mtu wa Kasai aliyeletwa na serikali kufundisha Beni, kisha vita ikakata njia ya kurudi na mshahara ukakatika nayo. Alikuwa amevaa tai iliyonyooshwa vizuri nyumbani mwake, peke yake, mbele ya sahani ya sombe, majani ya muhogo, na samaki wa chumvi. Alinikaribisha kwa kuukosoa ugali wetu wa Kinande kwamba hauna mahindi, nikamjibu kwamba wa kwao unahitaji meno, na hapo urafiki ukaanza.

Nilimweleza habari ya ouragan ya Oicha. Hakucheka.

"Wanaogopa kitu kisicho chao," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, na Kifaransa kikiingia popote. "Ouragan inazaliwa baharini, kwenye maji ya moto. Bahari iko mbali na sisi, n'est-ce pas? Na hapa tuko karibu na mstari wa ikweta. Dunia inavyozunguka haiwezi kuupa upepo ule mzunguko wake hapa katikati. Donc, kimbunga kile hakiwezi kufika Oicha."

"Nitawaambia hivyo. Watalala."

"Mais non. Ukiwaambia hivyo tu, utawaua." Alisukuma sahani pembeni. "Wingu letu la alasiri, lile jeusi lenye tumbo la chini, linabeba hewa ya baridi. Hewa ile inaanguka kutoka juu kwa nguvu, inapiga chini, inakimbia pande zote. Inapita kwa dakika chache. Haibomoi mji, inabomoa nyumba moja na kuacha ya jirani. Lakini yule aliye katika nyumba ile moja, kwake ni ouragan."

Nilimwambia hayo nayajua, na ndiyo maana nimebeba misumari, ili upepo usisukume bati.

"Haisukumi, papa Kasereka. Inavuta."

Nilicheka, miaka thelathini ikicheka ndani yangu. Monsieur Kabeya akachana karatasi moja ya daftari, akaishika kwa ncha chini ya mdomo wake, ikaning'inia. Akapuliza juu yake. Mimi nilitegemea izidi kuinama. Karatasi ikainuka ikanyooka mbele yake, na ikabaki imenyooka mpaka pumzi ilipomwishia. Akanipa mimi nipulize. Nilipuliza mara tano, nikitafuta ujanja uko wapi, na kila mara iliinuka.

"Upepo unapopita juu ya paa, unalivuta," alisema. "Na kama umeacha mlango wazi upande unakotoka, au nafasi kati ya ukuta na bati, unaingia pia kulisukuma kutoka ndani. Paa linaenda juu. Halafu mtu anatoka mbio kukamata bati lake, na bati linamkata. Waambie wafunge upande wa upepo. Waambie wakisikia baridi ya ghafla baada ya joto, bado wana dakika kumi, labda pungufu. Na mtu asitoke nje."

Sikulala vizuri kwa hasira. Haipendezi kufundishwa paa na mtu wa vitabu, hasa anaposema kweli.

Njia ilifungwa siku iliyofuata yote. Nilikaa Beni nikipuliza karatasi.

Beni hadi Oicha

Siku ya tatu nilipata nafasi juu ya gari la wafanyabiashara waliokwenda kutafuta mafuta ya mawese. Tulikwenda taratibu, msitu ukitusogelea pande zote. Kwenye barrière moja kabla ya Oicha tulishushwa. Gunia likafunguliwa tena, lakini safari hii mkubwa wao alitabasamu.

"Papa, weye ni charpentier, fundi wa paa? Malamu, muzuri. Kuja."

Kibanda chao cha ulinzi kilikuwa na mabati manne yaliyokuwa yakicheza kwa upepo. Nilipewa ngazi, na sikupewa nafasi ya kukataa. Nitakiri jambo: nilipokwisha kupanda, nilisahau niko wapi. Mkono ukipata nyundo unafanya kazi yake. Nilipiga kila bati misumari kumi na miwili, kwa mstari ulionyooka, na niliposhuka nilisimama nikalitazama paa kwa furaha.

"Kazi ya nguvu," alisema yule mkubwa. "Benyewe ba hizi bati walipiga vile vile kama weye. Tulizitoa na shida. Lakini sisi tulikuwa na siku muzima."

Nilitazama tena, nikaona kile ambacho nyundo ilinificha. Kwenye pembe ya bati mojawapo kulikuwa na herufi za rangi nyeupe, zile ambazo shule huandika kwenye mali yake. Sijui ilikuwa shule gani. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona katika kazi yangu, na nilipanda garini nikakaa chini kabisa, mgongo kwenye mapipa.

Oicha

Yaya Masika alinipokea mbele ya shule. Amekonda, sauti ni ile ile. Alinishika mabega, akauliza habari ya watoto mmoja mmoja kwa majina, kisha akaona gunia.

"Ile ni nini?"

"Misumari. Kilo kumi, ukitoa ya askari."

Alilisogeza gunia kwa mguu. "Kasereka, nilikuita ulete kichwa."

Alinionyesha jengo. Vyumba vitatu vya matofali, paa limerudishwa na wazazi baada ya upepo wa mwisho, na kila bati lina misumari miwili tu, iliyoingia nusu. Nilianza kulalamika papo hapo. Aliniacha nimalize, kama anavyowaacha wanafunzi wake.

"Umemaliza? Sasa sikia. Shule ya ng'ambo ya barabara ilikuwa na fundi kama weye. Alipigilia sana. Askari banakuja, bazazi bote banakimbia, bati zinabaki juu zimeshikwa muzuri. Askari bakakaa siku mbili, bakatoa yote. Ile shule leo ni kuta. Sisi, tukisikia tu masasi ya mbali, bapapa banapanda, banavuta, kila mutu anakimbia na bati yake kwa shamba ya kakao. Mara mbili tumekimbia na paa. Mara mbili tumerudi nayo. Upepo unakujaka wakati wa mvua. Askari banakujaka wakati banapenda."

Hapo ndipo nilipomwelewa mama wa Kalunguta na mawe yake. Hawakuwa watu wasiojua kupaua. Walikuwa wamepaua kwa ajili ya kukimbia, na upepo ukapata njia hiyo hiyo. Nilikaa kwenye jiwe la mlangoni. Nilikuwa nimevuka barrière zote zile na kilo kumi za kitu ambacho kingemfungia dada yangu shule.

Alinipikia kuku, jambo ambalo wakati ule halikuwa dogo. Nilikula nikitazama njia. Mbele yetu baba mmoja alipita akisukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi na kuni, vyote vimefungwa kwa vipande vya mpira wa gurudumu, na njia ilikuwa na mashimo, na hakuna kilichotikisika. Nilimkumbuka Paluku. Gunia langu lilifika Beni bila kusogea, na alipotaka kulifungua alilifungua kwa mkono mmoja.

"Yaya," nilisema, "kuko tairi za zamani huku?"

Zilikuwepo nyingi, za malori yaliyokufa barabarani. Asubuhi wazazi waliziviringisha mpaka nyuma ya kanisa, tukazichoma. Tairi likiungua linaacha waya mrefu, mweusi, ambao moto umeulainisha. Msumari nao ulipata kazi yake. Tulipigilia mbao zote za paa, ile mifupa inayobeba bati, kwenye miti iliyosimama ukutani, kwa maana mifupa haina haja ya kukimbia. Kisha juu ya mabati tukalaza fito ndefu za mikaratusi, tukazifunga kwenye mbao hizo kwa waya kupitia matundu ya misumari ya zamani, hatua kwa hatua, fundo likitazama chini, ndani ya darasa. Mtu akisimama juu ya benchi na koleo, mizungusho mitatu, fundo limeachia. Nafasi kati ya ukuta na bati, upande ambao mvua hutokea, tulizijaza matofali na udongo.

Wakati wa kazi wazazi waliniuliza habari ya ouragan. Niliwaambia ya Monsieur Kabeya yote, na karatasi niliipuliza mbele yao. Baba mmoja aliomba apulize yeye. Mwisho kila mtu alikuwa na kipande cha karatasi mdomoni, na kazi ilisimama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Yaya Masika alichukua lile la dakika kumi akalifanya somo. Baridi ikija ghafla, anapiga kengele. Mlango wa upande wa mvua unafungwa. Watoto wanaketi kwenye pembe, chini ya ukuta wa ndani, mbali na dirisha, mikono kichwani. Hakuna anayetoka kukamata chochote. Walifanya mazoezi mpaka wadogo wakaanza kuyafurahia.

Siku ya tatu ya kazi, vyumba viwili vilikuwa vimekwisha na cha tatu bado kina misumari yake miwili miwili. Saa nane mchana joto lilikuwa limetushika shingo, hakuna jani linalotikisika. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi niliposikia baridi nyuma ya sikio. Nilitazama upande wa msitu, nikaona wingu limeshusha tumbo, na chini yake vumbi limeanza kusimama. Nilipotaka kupiga kelele, kengele ilikuwa imeshalia. Yaya aliihisi kabla yangu.

Aliwatoa watoto wote wa chumba cha tatu akawajaza katika cha katikati, mstari, bila kukimbia. Mimi nilibaki nikitazama mabati yangu ambayo bado sijayafunga. Nilifikiri fito mbili tu, mafundo manne, naweza kuwahi. Nikapanda ngazi.

"Kasereka. Shuka."

"Yaya, dakika moja."

"Nimesema hakuna mutu anatoka. Weye ni nani?"

Nilishuka. Nilipovuta mlango nyuma yangu upepo ulifika, na ulifika wote kwa pamoja. Ndani ya kile chumba tulikuwa tumebanana kwenye pembe, mtoto mmoja ameshika mkanda wangu, mwingine kiatu changu. Bati zilipiga kelele ambayo sijaisikia maishani. Nilitazama juu, nikaona fito zinavutwa, waya zinakaza, na bati zinainuka kiasi cha kidole, zinarudi, zinainuka, zinarudi. Karatasi ya Monsieur Kabeya. Niliogopa, sitaficha. Nilikuwa nikihesabu mafundo yangu kwa majina ya waliokuwa wameyafunga. Kisha upande wa chumba cha tatu nikasikia mlipuko, mlio wa chuma ukiburutwa angani, ukaenda mbali, na mvua ikaanguka juu yetu kwa uzito. Ilianguka juu ya paa.

Yaya aliita majina. Waliitika wote.

Tulipotoka, chumba cha tatu kilikuwa wazi. Bati moja lilikuwa limekwama katika mti wa parachichi, juu kabisa, na jingine lilikuwa limeingia ardhini kwa pembe, hapo hapo ngazi yangu ilipokuwa imesimama. Wazazi walikuja mbio kutoka mashambani, wameloa. Walitazama chumba kilicho wazi, wakatazama viwili vyenye paa, wakatazama watoto. Hakuna aliyetaja kufunga shule.

Mimi nilidhani tumemaliza. Yaya hakuwa amemaliza.

"Upepo nimeona," alisema siku iliyofuata, mabati yaliporuka yalipokwisha kukusanywa na chumba cha tatu kufungwa. "Sasa ninataka kuona askari."

Aliwapanga wazazi, mmoja kila benchi na koleo au hata jino la uma, wengine nje wa kupokea. Saa hatukuwa nayo inayofanya kazi, basi akasema tutapima kwa wimbo, ule wa kufunga ibada, beti nne. Watoto waliimba. Mara ya kwanza beti zote ziliisha na nusu ya paa iko juu. Akasema rudisheni. Mara ya pili yalibaki mabati sita. Ndiyo, nilikuwa juu ya paa nikiimbisha, maana watoto walikuwa wanawahurumia baba zao na kuvuta beti ya mwisho. Mara ya tatu bati la mwisho liligusa ardhi pamoja na amina.

Kurudi

Ya kurudi ni mafupi. Nilipita barrière na gunia tupu, na hakuna aliyelijali. Beni nilimletea Monsieur Kabeya kuku mzima wa kuchoma, akammaliza akinisahihisha. Kalunguta nilisimama kwa yule mama, nikatoa mfukoni kipande cha waya wa tairi, nikamwonyesha fundo kwenye ncha ya paa lake. Alilifungua mwenyewe, akalifunga, akalifungua tena. Tukachoma tairi, tukalifunga paa lote, tukateremsha mawe pamoja. Sahani zile mbili hazikupata malipo mengine.

Nilikuwa nyumbani baada ya siku kumi na nne badala ya sita, na mke wangu alikuwa na maneno yake, ambayo siyaandiki.

Mwezi uliopita mfanyabiashara wa kakao alipita karakana akaniuliza kama mimi ndiye fundi Kasereka. Alikuwa na ujumbe wa mdomo kutoka kwa directrice wa Oicha. Askari walikuja. Walikaa siku tatu katika kuta. Walipoondoka, paa lilirudi mahali pake, na watoto wako darasani.

"Akasema nikuambie hivi hivi," aliongeza. "Beti ya tatu ilikuwa haijaisha."

Nilimshukuru, nikamaliza kiti nilichokuwa nakitengeneza. Kisha nilikwenda nyumbani, nikaegemeza ngazi ukutani, nikapanda na kung'oa msumari wa kwanza katika paa langu mwenyewe, lile ambalo nimekuwa nikiwaonyesha wateja kwa miaka yote. Mke wangu alitoka jikoni.

"Papa Esther, ni upepo ama ni askari?"

"Byote."

Jumamosi nilipokwisha kulifunga lote kwa waya, alikuja akasimama chini na mikono kiunoni, akaniambia nianze kulifungua. Akaimba ule wimbo, polepole, kwa sauti yake ya kwaya. Alimaliza beti zote nne na mimi bado nina mabati matatu. Alinitazama, akasafisha koo, akaanza tena kutoka beti ya kwanza.